Mafuta Yasiyoonja Moto

Kifuniko kilipojibamiza juu ya utosi wa Ajaib Singh, wengi wenu mlikunja gazeti mkasema mzee huyu kwisha habari yake. Subirini kwanza. Kufia ndani ya tangi kungekuwa nafuu.

Alikuwa amesimama chini kabisa ya tangi namba nne, giza totoro, chupa ya achari mkononi. Hakusukumwa na mtu. Aliingia humo kwa miguu yake. Alipolisikia gari la shemeji yake Kulwant likiingia uani saa tatu asubuhi, na jana yake Kulwant alisema haji kabla ya saa tano, Ajaib alikosa pa kujificha. Akapanda ngazi, akatumbukia kwenye tangi tupu lililotoka kuoshwa.

Sasa huko juu spana ilikuwa inakaza nati. Ajaib alizihesabu. Zilikuwa sita.

Wewe uliyeingia hadithini leo, chukua habari upesi kabla tangi halijajaa. Ajaib ni mgane wa miaka sitini na moja. Anaendesha lori la kukusanya mafuta yaliyokwisha kukaangiwa, hapa Fowler, karibu na Fresno, jimbo la California. Mwenye kazi ni Kulwant Purewal, kaka wa marehemu mkewe.

Wakubwa wa Sacramento, makao makuu ya jimbo, walitunga sheria kwamba mafuta ya malori yapunguze hewa ya ukaa mwaka hadi mwaka. Anayeleta dizeli iliyotokana na mafuta yaliyokwisha kukaangiwa anapewa pointi nyingi, na makampuni makubwa yanazigombania pointi hizo ili yasitozwe faini. Anayeleta mafuta mapya ya dukani anapewa pointi za kumcheka. Sheria nzuri, ukiisoma umekaa kwenye kiti cha kuzunguka. Lakini walioitunga hawajawahi kusimama mbele ya karai. Hawaijui harufu. Wanaijua karatasi tu.

Na kwenye karatasi, kila stakabadhi ina sahihi ya Ajaib. Inasema: mafuta haya nimeyachukua jikoni kwa langar, kule gurdwara, hekalu la Masingasinga, ambako kila anayeingia analishwa bure. Uongo kwa serikali ya jimbo ni jela. Ajaib aliingia uani asubuhi ile kutafuta kitu kimoja tu, chupa moja ya ushahidi, asije akafungwa kwa mafuta ambayo hakuyabeba.

Sauti zilimfikia kupitia chuma. Walikuwa Kulwant na mwanawe Ranvir, kijana wa miaka ishirini na sita aliyezaliwa Fresno. Ranvir alikuwa akilalamika kwa nini wajaze sasa hivi. Baba yake akamjibu kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga viatu.

"Mkaguzi anakuja. Tangi tupu lina maswali. Tangi lililojaa lina majibu."

"Na mzee?"

"Mzee yuko Madera na lori lake. Washa pampu."

Bomba likakohoa. Kitu kizito, cha baridi, kikamwagikia viatu vya Ajaib.

Akainama akakinga chupa. Akanusa. Hakuna kitu. Mafuta ya karai la langar huyachuji yakaacha kunuka. Yana binzari, yana pilipili, yana vitunguu vya bajia vilivyoungua, hata nguo ukizifua mara tatu bado jirani anajua ulikotoka. Haya yalikuwa hayanuki chochote. Yalikuwa mapya, yametoka dukani, hayajawahi kuonja moto. Ndiyo hayo yaliyokuwa yakipelekwa kwa jina lake kama takataka za jikoni.

Ajaib akafunga chupa, akaitia kifuani ndani ya shati. Ushahidi kaupata. Tatizo ni kwamba mafuta yalikuwa yameshafika magotini.

Akashika ngazi ya ndani. Mguu ukateleza, akarudi chini kwa makalio. Akajaribu tena, safari hii kwa magoti na viwiko, mpaka kichwa kikagusa kifuniko. Akasukuma. Nati sita zikamcheka.

Hapo ndipo alipoona jinsi alivyobanwa. Akigonga, Kulwant atajua kwamba shemeji yake hayuko Madera, na atajua alichokuja kufanya. Asipogonga, mafuta yatamfika kidevuni, kisha mdomoni, na hata mazishi yake yatalipiwa na Kulwant.

Yalimfika kiunoni. Akavuta mkono wa shati, akapiga chuma kwa bangili yake ya chuma, ile ambayo hajaivua tangu akiwa na miaka kumi na mbili.

Ngo. Ngo. Ngo.

Huko nje sauti ya Kulwant ilikuwa imebadilika. Ilikuwa laini, ya Kiingereza, ya mtu anayemfungulia mgeni mlango. Mkaguzi alikuwa ameshafika, saa nzima kabla ya wakati. Jina lake Ofelia Barragán, mwanamke mnene wa makamo, kofia ngumu kichwani na kalamu sikioni. Kiingereza cha Ajaib ni cha dereva: kushoto, kulia, leseni, samahani afisa. Lakini alisikia mwanamke akiuliza kile kinachogonga ni nini, akamsikia Kulwant akicheka na kusema ni pampu, imezeeka.

"Izime," akasema mwanamke.

Pampu ikanyamaza. Ua mzima ukanyamaza.

Ngo. Ngo. Ngo.

"Bwana Purewal," akasema yule mwanamke, "pampu yako imezimwa na bado inapiga hodi."

Nati zilifunguliwa upesi kuliko zilivyofungwa. Jua likamchoma Ajaib machoni, na katikati ya jua ulikuwepo uso wa Kulwant. Kwa nukta moja tu Ajaib aliuona ulivyo, bila nguo. Kisha ukavaa tabasamu.

Kulwant alimvuta nje, akamkumbatia, mafuta yakimchafua suti yake, akamkaripia kwa sauti ambayo mgeni angeisikia: ni mara ngapi kamkataza kuosha tangi peke yake bila kumwambia mtu, mzee huyu ana bidii mpaka atakufa nayo, hakuna mfanyakazi kama yeye California nzima. Alimvika kilemba cha ukoka juu ya kilemba chake halisi. Na huku anamvika, mkono wake mwingine ulipenya kifuani mwa shati, ukatoka na chupa.

"Nikushikie, shemeji," akasema. Akaifungua, akaimwaga kwenye changarawe, taratibu, kama mtu anayemwagilia ua.

Chupa ikaenda. Mkaguzi aliona mzee akifutwafutwa, hakuona kingine. Akaandika jambo kuhusu usalama wa wafanyakazi, kisha akasema anataka kuzungumza na mtu anayetia sahihi stakabadhi. Sampuli ya mafuta ataichukua, alisema, lakini maabara itamwambia haya ni mafuta ya kula tu, haitamwambia yalikotoka. Kitu kilikotoka, kitabu ndicho kinachosema.

Ndivyo walivyoipanga hao wakubwa. Pua ya dereva si ushahidi. Kitabu ndicho ushahidi, na kitabu kilikuwa mikononi mwa mwizi.

Waliingia ofisini. Ranvir akaleta chai ya maziwa yenye iliki, akabaki mlangoni. Ajaib alikaa kwenye kiti cha plastiki, mafuta yakimdondoka kwenye vifundo vya miguu. Kulwant akakaa kati yake na mkaguzi, akasema kwa unyenyekevu kwamba mzee hana Kiingereza, yeye atatafsiri.

Basi mtego ukabadilika sura. Ule wa kwanza ulikuwa wa chuma. Huu ulikuwa wa ulimi wa mtu mwingine.

Mkaguzi aliuliza kama sahihi zote ni zake. Ajaib akajibu kwa Kipunjabi, akimtazama yule mama na si Kulwant, kwamba sahihi ni zake lakini maneno si yake. Kila tarehe mosi analetewa kitabu kitupu, anatia sahihi kurasa zote, na mtu mwingine anajaza baadaye. Alidanganywa kwamba ni kumpunguzia kazi kwa kuwa hajui kusoma Kiingereza.

Kulwant alisikiliza hadi mwisho, akitikisa kichwa kwa heshima. Kisha akamwambia mkaguzi kwamba mzee anasema ndiyo, zote ni zake, na anaona fahari kulisafisha jimbo lililompokea.

Ajaib alilidaka neno moja tu, ndiyo. Lilimtosha kujua anauzwa.

Mkaguzi akafungua kitabu. Akasema kuna wiki moja inamshangaza. Jiko hili kwa kawaida linatoa galoni thelathini kwa wiki. Mwishoni mwa Desemba limetoa mia nne kila siku, siku sita mfululizo. Akakigeuza kitabu, akaweka kidole.

Ajaib hajui kusoma maneno ya Kiingereza, lakini tarakimu za tarehe anazijua. Alizitazama siku zile sita, akazitambua.

Zilikuwa siku za msiba. Hakuna Mpunjabi asiyezijua. Ni siku wanazokumbukwa wana wanne wa Guru, kiongozi wa dini yao, wawili wakubwa waliouawa vitani na wawili wadogo waliojengewa ukuta wakiwa hai. Siku hizo hakuna harusi, hakuna halua, wengine hulala sakafuni. Na pale kwao Fowler, jikoni kwa langar, kina mama huyaosha makarai yote na kuyafunika kifudifudi mpaka msiba uishe. Watu wanakula dengu na mkate mkavu. Bajia moja haikaangwi.

Kulwant anazijua siku hizo. Lakini Kulwant hakuandika kitabu. Aliyekiandika alilelewa kwa piza, gurdwara anaenda kwa harusi tu, na yeye aliona Desemba ni sikukuu, watu wanakula sana, basi akaandika galoni nyingi.

Ajaib aliinuka. Ukutani ilitundikwa kalenda ya gurdwara, ile inayogawiwa kila mwaka mpya. Akafunua kurasa kwa vidole vya mafuta, Mei, Agosti, Oktoba, mpaka Desemba. Akaweka kidole juu ya wale watoto wawili waliochorwa ndani ya ukuta. Kisha akamgeukia mkaguzi, akakusanya Kiingereza chake chote cha barabarani.

"Moto, hapana," akasema. "Karai, hapana."

Ranvir pale mlangoni akaangalia viatu vyake.

Kulwant alijibu haraka mno. Akaeleza kwamba mzee anasema siku hizo ni sikukuu kubwa, umati unafurika, kina mama wanakaanga alfajiri mpaka jioni, moto hauzimwi, makarai hayapumziki.

Mkaguzi alimtazama mpaka akamaliza. Akapuliza chai yake.

"Yeye kasema maneno manne, bwana. Wewe umenipa hotuba. Na hapana naijua. Hata mimi mama yangu alichuma zabibu miaka thelathini na Kiingereza chake kilianzia hapo hapo."

Akatoa simu, akaiweka katikati ya meza, akabonyeza namba. Sauti ya msichana ikatoka, mkalimani wa serikali, yuko mji gani hakuna anayejua. Alimsalimu Ajaib kwa Kipunjabi safi cha kijijini, akamwambia, "Sema, baba yangu. Nitasema unachosema, siongezi wala sipunguzi."

Miaka mitatu ya kunyamaza ilimtoka Ajaib pale. Vitabu vitupu. Makarai yaliyofunikwa kifudifudi siku zile sita za Desemba. Malori yanayokuja kutoka bandarini na mapipa mapya. Ndoo mbili za mafuta ya langar zinazomwagwa juu ya mapipa mia ili yapate harufu. Alisema mkewe alikufa kwa kifua, akivuta moshi wa malori ya barabara kuu iliyopita nyuma ya nyumba yao, na sheria hii ilipotungwa alifurahi kama mtoto, akadhani sasa wengine watapona. Kumbe moshi uko palepale, na aliyepona ni Kulwant.

Msichana kwenye simu akauliza:

"Baba, hilo la karai niliseme kama ulivyolisema?"

"Kama nilivyolisema, binti yangu."

Kulwant aliinama mbele, akaacha kutabasamu, akamwambia Ajaib kwa Kipunjabi, kwa sauti ya chini, "Shemeji. Nani alikuleta nchi hii? Nani alikukatia tiketi? Leo unanimwaga mbele ya mwanamke huyu?"

Na ile simu, bila haraka, ikamwambia mkaguzi kwa Kiingereza: huyu mwingine anauliza nani alimleta nchi hii, na nani alimkatia tiketi.

"Sisemi na wewe," Kulwant akaifokea simu.

"Natafsiri kila linalosemwa, kaka. Na hilo nalo nalitafsiri."

Ranvir alicheka kwa pua, akajiziba mdomo. Ajaib naye, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akahisi mbavu zinapanuka. Akachukua kikombe chake, akanywa. Chai ilikuwa imepoa na ilikuwa tamu.

Mkaguzi alifunga kitabu. Alisema amesikia ya kutosha. Siku hizo sita peke yake zinatosha kufungua vitabu vyote vya miaka mitatu. Atapeleka ripoti Sacramento kabla ya wiki kuisha, na suala litatoka mikononi mwake liende kwa mwendesha mashtaka. Jela haitamkwepa aliyeleta pointi za uongo. Alikuwa anahitaji jambo moja tu kukamilisha fomu.

"Mwenye dhamana wa kampuni ni nani?"

Ajaib alimwangalia Kulwant. Alitarajia jasho. Msomaji, ogopa sana mwizi aliyekamatwa ambaye hatoki jasho.

Kulwant alivuta mtoto wa meza, akatoa jalada la kijani, akalipangusa kwa kiganja, akamkabidhi mkaguzi kwa mikono miwili. Akazungumza kwa Kiingereza, polepole, kama mtu aliyelikariri jambo lake kwa miaka mitatu.

Mkaguzi alisoma ukurasa wa kwanza. Akasoma wa pili. Kalamu ikarudi sikioni. Alipomwinulia Ajaib macho yalikuwa si yale ya mwanzo.

"Kasema nini?" Ajaib akaiuliza simu.

Msichana akajibu kwa sauti ya chini.

"Baba, anasema yeye hapa ni mwajiriwa tu. Meneja. Anasema mwenye kampuni ni shemeji yake, mzee Ajaib Singh, na kwamba yeye siku zote amefuata maagizo yako. Na yule mama anasoma karatasi. Zinasema hivyo hivyo, baba. Mmiliki ni wewe. Mwenye dhamana ni wewe. Pointi zote zimeombwa kwa jina lako."

Mdomo ulikuwa umeponza kichwa. Kwa kila neno alilolisema Ajaib ndani ya saa ile, kila ndoo, kila pipa, kila siku ya Desemba, alikuwa amejishtaki mwenyewe, tena kwa mkalimani wa serikali asiyeongeza wala kupunguza.

"Muulize lini," akasema. "Muulize nilitia sahihi lini."

Mkaguzi akasoma tarehe. Simu ikaitafsiri: kumi na tisa Novemba, miaka mitatu iliyopita.

Tarehe ile haikuhitaji tafsiri kwa Ajaib. Siku hiyo hakuendesha lori, hakufika ofisini, hakula. Siku hiyo alitia sahihi karatasi moja tu, mlangoni pa nyumba ya kuchomea maiti, Kulwant akimkumbatia begani na kulia naye, akimwambia weka jina lako hapa, shemeji, la sivyo hawatamwashia dada yangu moto.

Mkaguzi aliligeuza jalada, akalisukuma juu ya meza mpaka likagusa vidole vyake. Chini ya ukurasa jina lake lilikuwa limekaa, herufi za Kipunjabi zilizopinda.

Akauliza swali lake fupi. Kulwant akaegemea kiti, akakunja mikono. Na ile sauti ya msichana ikatoka kwenye simu, ndogo kabisa sasa, kama inayoomba radhi.

"Anakuuliza, baba. Sahihi hii ni yako, au si yako?"